Ripoti yenye takwimu na mwanafunzi anayeisoma

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa la mwenye duka. Siku hizi daftari la jamii nzima ni ripoti ya utafiti: huhesabu wagonjwa na waliopona, watoto wanaosoma na walioacha shule, chakula kilichogawiwa na kilichopungua. Walakini daftari lisilosomeka halilindi mali ya mtu yeyote. Ndiyo maana somo la kusoma ripoti za takwimu, ambalo wanafunzi wengi wa vyuo huliogopa kuliko mtihani wenyewe, si jambo la chuoni peke yake. Linamhusu sajini anayejiendeleza kwa masomo ya jioni, linamhusu mama aliyepewa karatasi ya zahanati, na linamhusu mtoto wao atakayerudi likizo na ripoti ya kurasa 40 asiyojua aanzie wapi.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni nchi jirani ya Malawi, katika kambi ya Dzaleka na katika mji mkuu wa Lilongwe. Dzaleka wapo wasomaji wanaozungumza Kiswahili ambao wenyewe ndio wanaohesabiwa kwenye ripoti. Lilongwe zimefanyika tafiti ambazo matokeo yake yamebadilisha tiba duniani.

WANAFUNZI WA DZALEKA

Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa zaidi ya 40 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo idadi yao imepita 50,000. Wengi wametoka Kongo, na baada yao Burundi na Rwanda. Vita vilivyowatoa Wakongo wengi makwao askari wa Afrika Mashariki wanavijua, maana mwaka 2013 askari wa Tanzania, wa Malawi na wa Afrika ya Kusini waliunda pamoja kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo.

Sera ya Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kuchuma mijini warejee Dzaleka. Hata hivyo, elimu ya juu imeingia ndani ya uzio huo. Tangu mwaka 2010 mashirika ya Wajesuti yameendesha hapo masomo kwa njia ya kompyuta, na diploma ya kwanza ilitolewa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Mwanafunzi wa huko hukaa kwenye banda la matofali Dowa akasoma maandiko yaliyotungwa ng'ambo ya bahari.

Na hapo ndipo ugumu wa kwanza unapojitokeza, nao si hesabu bali ni alama za uandishi. Aliyesomea Bukavu au Bujumbura alifundishwa kwa Kifaransa, na katika Kifaransa mkato ndio unaotenga namba nzima na sehemu zake. Mtu huyo akikuta katika ripoti ya Kiingereza idadi iliyoandikwa 1,763, jicho lake laweza kusoma moja na sehemu kadhaa, ilhali mwandishi amekusudia elfu moja mia saba sitini na tatu. Kinyume chake, 0.05 ya Kiingereza yeye amezoea kuiandika 0,05. Kabla ya kitu kingine chochote, yampasa mwanafunzi aulize: alama hizi zimeandikwa kwa desturi ya nani? Mtu hodari wa hesabu aweza kuanguka kwa sababu ya mkato mmoja.

AANZIE WAPI?

Wanafunzi wengi huanza ukurasa wa kwanza na kusonga mbele kama wasomao hadithi. Wakifika kwenye majedwali huruka, wakatua kwenye hitimisho na kunakili maneno ya mwandishi. Huko ni kumwachia mwandishi afikiri kwa niaba ya msomaji. Ripoti ya takwimu haikujengwa kama hadithi. Ina vyumba, na kila chumba kina kazi yake: ufupisho, utangulizi, njia zilizotumika, matokeo, na mjadala.

Njia iliyo bora ni kusoma ufupisho kwanza ili kujua swali la utafiti. Kisha mwanafunzi aende moja kwa moja kwenye chumba cha njia, aulize ni nani walioulizwa, walikuwa wangapi, walipatikanaje, na walipimwa kwa kipimo gani. Kisha atazame majedwali kabla ya kusoma maneno yanayoyaeleza, aandike kwa sentensi moja ya Kiswahili kile anachokiona yeye mwenyewe. Hapo ndipo asome maelezo ya mwandishi na kulinganisha. Wakipatana, vema. Wakitofautiana, ama mwanafunzi hakuelewa, ama mwandishi amesema zaidi ya takwimu zake. Yote mawili yana faida kuyajua.

NANI KAHESABIWA?

Mfano mzuri ni uchunguzi wa hali ya watu na afya uliofanywa Malawi mwaka 2015 hadi 2016. Kaya 26,361 zilihojiwa. Wanawake 24,562 na wanaume 7,478. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba wanaume wa Malawi ni wachache, au kwamba walikimbia maswali. Chumba cha njia kinaeleza sababu: wanaume walihojiwa katika theluthi moja tu ya kaya, kwa mpango wa makusudi. Kisha ipo habari nyingine ndogo lakini muhimu: kati ya wanawake waliotakiwa, asilimia 98 walihojiwa, kati ya wanaume ni asilimia 95. Mwanamume ndiye aghalabu hukosekana nyumbani mhojaji anapobisha hodi. Ikiwa waliokosekana wana tabia tofauti na waliokutwa, picha itapinda kidogo. Asilimia 95 ni kiwango cha juu, na upotovu wake hauwezi kuwa mkubwa. Lakini ripoti ikieleza kwamba nusu ya waliotakiwa hawakupatikana, basi yafaa msomaji asite.

Jambo la kukumbuka ni kwamba matokeo ya taifa hayasemi moja kwa moja habari za mahali pamoja. Mwanafunzi wa Dzaleka anayeandika juu ya lishe ya watoto wa kambini hawezi kuchukua asilimia ya Malawi nzima akaibandika kambini, kama vile mtu asivyoweza kutaja wastani wa mvua ya Tanzania akadai ndiyo mvua ya Dodoma.

Askari wanalijua jambo hili kutoka uwanja wa shabaha. Risasi tano zaweza kutua karibu karibu, zote mkono wa kushoto wa alama. Mkono wa mpigaji ni thabiti, bali bunduki yake imepinda. Kuongeza risasi mia hakutairekebisha. Hali kadhalika, utafiti uliowauliza watu wasiostahili, au uliouliza swali la kuelekeza jibu, hauponywi kwa kuongeza idadi ya walioulizwa.

WASTANI UNAVYOFICHA

Neno wastani hupendwa na waandishi na huwapoteza wasomaji. Chukulia kaya tano za kambini, kwa mfano tu. Nne zinapata kwa mwezi kwacha 20,000, 20,000, 25,000 na 30,000. Ya tano ina duka, nayo inapata 405,000. Jumla ni 500,000, na wastani ni 100,000 kwa kila kaya. Hakuna kosa lolote la hesabu, lakini hakuna hata kaya moja inayoishi maisha ya kwacha 100,000. Ukizipanga kaya kwa safu kuanzia ya chini hadi ya juu, ile ya katikati inapata 25,000. Namba hiyo ya katikati ndiyo inayoeleza zaidi hali ya wengi. Afisa akigawa msaada kwa kuutazama wastani peke yake, kaya nne zitalala njaa huku karatasi ikisema zimeshiba.

Kipimo cha chakula nacho kina somo lake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hupanga mgao wa wakimbizi kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hicho ni kipimo cha kupangia watu wengi kwa pamoja: watoto wachanga, wazee, mama wajawazito na vijana wenye kazi za jembe. Mgao unapopunguzwa, namba moja tu hubadilika kwenye ripoti. Nyumbani hubadilika milo. Anayejua kusoma namba hiyo ndiye awezaye kusimama mkutanoni akauliza imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi, na kwa muda gani.

ASILIMIA YA NINI?

Mwaka 2010 watoto 47 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Malawi walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa 2015 hadi 2016 walikuwa 37. Je, udumavu umepungua kwa asilimia 10 au 21? Mmoja atatoa 37 katika 47, apate 10. Mwingine atasema kumi hiyo ni sehemu ya 47, yaani yapata asilimia 21. Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa; wa kwanza amehesabu tofauti ya pointi, wa pili sehemu iliyopungua. Mwenye kutaka kusifu mradi atachagua kubwa, mwenye kuupinga atachagua ndogo. Kinga ya msomaji ni kudai namba zote mbili za asili: ilikuwa ngapi, na sasa ni ngapi.

UTAFITI WA LILONGWE ULIVYOSOMWA

Hayo yote yanakutana katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011, unaojulikana kwa jina la HPTN 052. Ulifanyika katika nchi tisa. Lilongwe na Blantyre zilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na Kisumu ya Kenya pia. Swali lilikuwa hili: mtu mwenye virusi vya UKIMWI akianza dawa mapema, kabla kinga ya mwili haijashuka sana, je, atamwambukiza mwenzi wake kwa kiasi kidogo zaidi?

Walichukuliwa wenzi 1,763, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: jozi 886 kuanza dawa mara moja, jozi 877 kungoja hadi kinga ishuke au dalili zitokee, kama tiba ya wakati ule ilivyoelekeza. Wote walipewa ushauri na kondomu. Kwa nini bahati nasibu? Lau daktari angechagua, huenda angewapa dawa kwanza wale wenye bidii ya kufika zahanati, na watu wa namna hiyo huenda hujilinda zaidi hata bila dawa. Bahati nasibu huyafanya makundi mawili yafanane kwa kila jambo isipokuwa moja linalochunguzwa.

Waliopata maambukizo walikuwa 39: wanne katika kundi la dawa mapema na 35 katika kundi lililongoja. Lakini watafiti hawakukomea hapo. Walilinganisha virusi vya wenzi maabara, wakathibitisha kwamba maambukizo 28 yalitoka kwa mwenzi aliyesajiliwa. Dawa aliyopewa mume haiwezi kumlinda mke dhidi ya virusi vya mtu mwingine, ndiyo maana hesabu kuu ilifanywa kwa hao 28. Kati yao, mmoja tu alikuwa katika kundi la dawa mapema. Wengine 27 walikuwa katika kundi lililongoja. Ripoti iliyo aminifu, kama hiyo, huonyesha hesabu zote mbili ili msomaji apime mwenyewe.

Kutokana na hapo ilitolewa namba iliyozunguka ulimwengu: maambukizo yamepungua kwa asilimia 96. Mwanafunzi hodari huongeza maswali mawili. La kwanza: kutoka ngapi? Katika kundi lililongoja, jozi 27 kati ya 877 ni kama 3 katika kila 100. Katika kundi la mapema, moja kati ya 886 ni kama moja katika kila 1,000. La pili: namba hii ina hakika kiasi gani? Ripoti inatoa mipaka ya uhakika wa asilimia 95, ambayo kwa maneno mepesi inasema kwamba upunguaji wa kweli unaaminika kuwa kati ya asilimia 73 na 99. Mipaka hiyo ni mipana kwa sababu maambukizo yaliyohesabiwa ni 28 tu. Lakini hata mpaka wa chini, 73, ni upunguaji mkubwa sana. Hivyo ndivyo namba inavyosomwa kwa busara: si kwa kilele chake peke yake, bali kwa kilele na nyayo zake.

Matokeo yalikuwa wazi kiasi cha bodi ya usalama kushauri yatangazwe mapema, mwaka 2011, na kundi lililokuwa likingoja likapewa nafasi ya kuanza dawa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kungoja kinga ishuke. Nyuma ya kila jedwali kuna wenzi waliokubali kuhesabiwa, wengine wao wakazi wa Lilongwe, na kwa ajili yao wagonjwa wa leo hawangojeshwi.

HERUFI NDOGO YA P

Herufi p katika majedwali huwatisha wanafunzi kuliko yote. Maana yake yaweza kuelezwa kwa sarafu. Mtu akirusha sarafu mara 10 ikatua upande wa kichwa mara 8, je, sarafu ina hila? Sarafu ya haki, ikirushwa mara 10 kwa duru nyingi, itatoa vichwa 8 au zaidi katika duru kama 5 na ushei kwa kila 100. Si jambo la ajabu sana. Ikirushwa mara 100 ikatoa vichwa 80, hapo hapana shaka, kuna jambo. Namba ya p ni jibu la swali hilo: ikiwa kwa kweli hakuna tofauti yoyote, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi? Desturi imeweka mpaka kwenye 0.05, yaani mara 5 katika 100.

Lakini p ndogo haisemi kwamba tofauti ni kubwa, wala kwamba ina manufaa. Katika utafiti wa watu wengi mno, tofauti iliyo ndogo kama punje yaweza kupata p ndogo. Wala p kubwa haithibitishi kwamba hakuna tofauti. Pengine walioulizwa walikuwa wachache.

JOGOO NA MAPAMBAZUKO

Wahenga wamesema, jogoo awike asiwike, kutakucha. Sauti ya jogoo na mwanga wa asubuhi hufuatana kila siku, lakini jogoo haleti jua. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Kituo cha polisi kikifungua dawati la jinsia na watoto, idadi ya malalamiko yanayoandikwa yaweza kupanda. Anayesoma namba hizo upesi atasema ukatili umeongezeka tangu dawati lifunguliwe. Huenda ukatili ni ule ule, ila waliokuwa wakinyamaza sasa wamepata mlango wa kubisha. Takwimu za polisi huhesabu yaliyoripotiwa, si yote yaliyotendeka.

Tahadhari nyingine inahusu chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo vya Afrika, vikiwamo Lilongwe, na kwa Tanzania Bagamoyo na Korogwe. Ripoti ya mwaka 2015 ilisema kwamba kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne. Kwa wachanga walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, wakapata dozi nne vilevile, ilipungua kwa asilimia 26 katika muda wa miaka mitatu na kitu. Mzazi aweza kusema, asilimia 36 ni chini ya nusu, ya nini basi? Lakini namba hiyo haimaanishi kwamba watoto 64 katika 100 hawakupata faida. Inahesabu vipindi vya ugonjwa, na mtoto wa vijijini hupata malaria mara kwa mara. Kupunguza theluthi ya vipindi hivyo ni safari nyingi za usiku kwenda hospitali zilizoepukwa. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kuitoa chanjo hiyo katika mpango wa majaribio, Aprili 2019. Chandarua, bila shaka, hakikuondolewa kitandani.

NYUMBANI NA KAMBINI

Kwa familia zenye mwanafunzi, zipo njia nyepesi za kumsaidia. Mwanafunzi awe na daftari dogo la istilahi, kila neno la Kiingereza akiliandikia maana kwa Kiswahili chake mwenyewe, pamoja na mfano wa nyumbani. Asome na wenzake: mmoja aeleze jedwali, wa pili aulize, wa tatu atafute kosa. Kila asilimia aigeuze kuwa watu: asilimia 37 ya watoto wa darasa la 40 ni wangapi? Ni kama 15. Namba ikipata sura ya watoto 15 walioketi, haisahauliki upesi. Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi: amwombe mwanawe aieleze ripoti kwa Kiswahili wakati wa chakula. Mwanafunzi akishindwa, ajue bado hajaielewa.

Maswali ya kubeba mfukoni ni machache. Ni nani walioulizwa, na ni nani waliokosekana? Ni ngapi kati ya ngapi? Namba ilikuwaje hapo mwanzo? Mipaka yake ya uhakika ni ipi? Je, kulikuwa na kundi la kulinganisha? Na nani aliyelipia kazi hiyo? Swali hili la mwisho si la kutukana. Mwenye kulipa hana lazima ya kudanganya, lakini msomaji ana haki ya kujua.

Kwa mkazi wa Dzaleka, maswali hayo si ya mtihani tu. Mhojaji ajapo mlangoni na hojaji, anayeyajua atauliza karatasi hii ni ya kazi gani, ana hiari ya kukataa au la, na majibu yatarudi lini kambini. Hapo huacha kuwa namba katika ripoti ya mtu mwingine, akawa msomaji wake. Askari na mkewe, kokote walipo, nao watahesabiwa siku moja, katika sensa, hospitalini au shuleni kwa watoto. Yafaa siku hiyo iwakute wakijua kusoma kilichoandikwa juu yao.